Tovuti Iliyosema Karibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Waceke alimwagilia miche na kuuliza maswali. Mikono ilishika mpira wa maji, lakini mdomo ulikuwa na shughuli zake. Kwa nini bogenvilia ina miiba na ua lake ni laini hivyo? Mparachichi hujuaje kwamba mvua imefika? Kwa nini kinyonga hupenda mlimao lakini hagusi rozimeri? Baba yake, Mzee Mbuthia, aliyekuwa akipanga miche kando ya barabara kuu ya Waiyaki, alijibu maswali aliyoyaweza. Yaliyomshinda yote aliyapa jibu moja tu.

"Mwagilia, mami. Mti haunywi maswali."

Alimwita mami kwa sababu Waceke lilikuwa jina la mama mzazi wa Mbuthia mwenyewe, na mtu hawezi kumwita mama yake kwa jina hivi hivi tu. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bustani ya miche ilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka nyumbani kwao Mountain View, na ndiyo iliyowalisha na kumsomesha. Watu wa mitaa ya kitajiri ya Karen na Lavington, wakielekea Naivasha wikendi, waliona maua, wakasimamisha magari na kununua. Wengi wao hata hawakumjua Mbuthia kwa jina. Kwao alikuwa tu "yule mzee wa miche, pale barabarani".

Sasa pale barabarani palikuwa panamponyoka. Mwenye ploti alikuwa ameamua kujenga nyumba za kupangisha, na Mbuthia alitakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Alikuwa amepata shamba lingine Uthiru, lenye maji na udongo mweusi mzuri, lakini lilijificha bondeni, mwisho wa njia ya vumbi. Hakuna gari lililokuwa likipita huko ila lililopotea. Mbuthia aliogopa, na hakuficha kwamba aliogopa. Wateja wake walimjua kwa barabara, na barabara haingehama naye.

Bi. Nurjahan, mteja wake wa siku nyingi kutoka Karen, ndiye aliyempa wazo. "Fungua tovuti, Mzee Mbuthia," alimwambia. "Weka picha za miche yako na ramani ya Uthiru. Huu ni mwaka wa elfu mbili na saba. Sisi tunatafuta kila kitu kwa intaneti."

Mbuthia hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Aliulizia huku na kule, akaelekezwa kwa kijana mmoja wa mjini aliyeitwa Sifuna. Sifuna hakuwa ameajiriwa na kampuni yoyote. Alikuwa mtu wa kujitegemea, leo anamtengenezea tovuti mwenye hoteli, kesho mwenye duka la viatu. Alikuja bustanini, akatazama, akaandika mambo yake, kisha akamwachia Waceke kamera ndogo ya dijitali na kazi moja. Apige picha ya kila aina ya mche, na chini ya kila picha aandike sentensi mbili au tatu za kuueleza.

Waceke alifurahi mpaka akasahau kula. Kamera! Alitaka kujua inavyoona karibu na inavyoona mbali, inavyoona gizani, inavyoona kupitia tone la maji. Kwa muda mfupi kamera ilijaa. Ilikuwa na kinyonga juu ya mlimao, kinyonga chini ya mlimao, na jicho la kinyonga peke yake. Ilikuwa na kisigino cha rafiki yake Kiragu, ambacho kwa karibu kilifanana na ardhi wakati wa kiangazi. Miche pia ilikuwamo, hapa mmoja, pale mmoja.

"Zile picha na maelezo zimefika wapi, mami?" baba yake alimwuliza asubuhi moja.

"Karibu namaliza, Baba," Waceke alijibu, huku akimfuata chungu aliyebeba jani.

Wala hakuona kwamba amesema uongo. Kila mtu husema hivyo. Mama yake husema chakula kiko karibu na huku sufuria haijawekwa jikoni. Fundi wa viatu husema njoo jioni, viko karibu. Waceke alilitoa neno hilo kama mtu anavyosema habari ya asubuhi, kisha akalisahau.

Jioni moja baada ya shule, yeye na Kiragu waliingia katika duka la intaneti la Kangemi, saiba kama wote walivyoliita. Walitaka kuiona tovuti kwa macho yao. Kiragu alikuwa wa darasa lake la saba, mtu wa kushuku kila kitu mpaka akishike. Waceke aliandika anwani, herufi moja baada ya nyingine. Walingoja. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe, kisha kikaanza kugeuka kijani polepole kutoka juu kwenda chini. Hatimaye katikati likatokea neno moja kubwa.

KARIBU.

"Ngoja," Waceke alisema. "Bado inafunguka."

Walingoja tena. Mtu wa kompyuta ya pili alimaliza kusoma barua pepe zake, akaenda zake. Neno lilibaki pale pale, peke yake.

"Ati karibu," Kiragu alisema. "Karibu wapi sasa? Hii ni websaiti ama ni mlango umefungwa?"

Waceke alicheka, lakini kicheko kilimwishia haraka. Mabango ya baba yake yalikuwa yamekwisha kuchorwa, yakiwa na anwani ile ile kwa rangi nyekundu. Mteja angeyasoma barabarani, angeenda kwenye kompyuta yake, kisha angekaribishwa mahali pasipo na kitu.

Mbuthia aliposikia habari hiyo, alimpigia Sifuna simu papo hapo, katikati ya miche.

"Usijali, mzee," sauti ya Sifuna ilisikika hata kwa Waceke. "Iko karibu. Imebaki kidogo tu."

"Sawa," Mbuthia alisema, akakata simu. Alisimama akiitazama simu yenyewe. "Wiki iliyopita pia aliniambia hivyo hivyo."

"Iko karibu na wapi, Baba?" Waceke aliuliza.

Mbuthia aliitia simu mfukoni. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyotarajia. "Jumamosi," alisema baadaye, "tutaenda tukamwulize mwenyewe."

Jumamosi walikwenda mjini kwa pikapu ya Mbuthia. Ofisi ya Sifuna ilikuwa meza moja kwenye kona ya saiba, juu ghorofani katika jengo la Barabara ya Moi. Feni ilizunguka, watu walichapa, mashine ya kuchapishia ilikoroma.

"Karibuni, karibuni!" Sifuna aliinuka haraka, akawatafutia viti. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tai iliyolegea. "Waceke, sasa?"

"Poa, Anko. Anko Sifuna, tovuti inakaa wapi? Ukizima hii kompyuta yako, itazimika?"

Sifuna alicheka. "Hapana. Haikai hapa. Inakaa kwa kompyuta ingine kubwa, inaitwa sava, huko ng'ambo. Hiyo haizimwi, usiku na mchana."

"Nani anailinda?"

"Kuna watu. Tunawalipa kila mwaka watuwekee."

"Hao ndio waliandika lile neno Karibu?"

Sifuna alikuna kichwa. "Hapo sasa... Hapana. Na si mimi pia. Mimi huongea na wateja, nachukua kazi, nahakikisha imeisha. Kuchora kurasa nimempa fundi mwingine, anaitwa Vaishali, yuko hapo Ngara. Na yeye amejiajiri kama mimi."

"Kumbe!" Mbuthia alikunja uso. "Nakupa kazi, nawe unampa mtu mwingine?"

"Mzee, usikasirike. Samadi yako unatoa wapi?"

"Kwa jirani mwenye ng'ombe, huko Kinoo."

"Na ile mifuko ya kupandia?"

"Nanunua Kangemi."

"Basi. Lakini mteja akienda na mche, si anasema ametoka kwa Mbuthia? Hakuna siku amesema ametoka kwa ng'ombe."

Waceke alicheka kwa sauti. Mbuthia naye alitaka kucheka, akajizuia.

"Ni kweli," alisema. "Lakini samadi isipofika, mteja hamwulizi ng'ombe. Ananiuliza mimi. Nami nakuuliza wewe."

Sifuna alisogeza kiti chake nyuma. Alichukua koti lake. "Twendeni Ngara," alisema.

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa Ngara si mbali na mjini. Waceke alitembea katikati ya watu wazima hao wawili, akiuliza njia nzima. Je, Vaishali anajua baba ana miche ya aina gani? Je, watu wa sava wanamjua Vaishali? Je, mtu anaweza kufanya kazi na mtu ambaye hajawahi kumwona? Sifuna alimwambia kwamba yeye na wenye sava hawajawahi kuonana hata siku moja. Huandikiana tu, na kila mmoja huamini alichoandika mwenzake. Jambo hilo Waceke alilibeba kichwani mpaka Ngara.

Vaishali alifanyia kazi juu ya duka la vitambaa la baba yake. Walipanda ngazi nyembamba kati ya marobota ya nguo, wakamkuta msichana wa miwani akiwa na penseli kwenye nywele.

"Karibuni! Kaeni, kuna chai ya tangawizi." Alipoambiwa waliokuja ni nani, alisimama. "Huyu ndiye mzee wa miche? Mzee, nimekungoja sana! Kazi yangu iko tayari siku nyingi."

"Tayari?" Mbuthia na Waceke walisema pamoja.

Vaishali aliwageuzia kompyuta. Kumbe nyuma ya lile neno kulikuwa na kurasa tele. Kulikuwa na ukurasa wa maua, wa miti ya matunda, wa miti ya kivuli. Lakini kila ukurasa ulikuwa na visanduku vya kijivu, safu kwa safu, na kila kimoja kimeandikwa "picha hapa", "maneno hapa".

"Siwezi kuweka visanduku tupu kwa intaneti, watu watamcheka mzee," Vaishali alieleza. "Ndiyo nimeweka tu peji ya kwanza. Mimi nangoja picha na maneno. Kila nikimwuliza Sifuna, ananiambia ziko karibu."

Wote walimgeukia Sifuna.

"Mimi nilimwuliza mzee," Sifuna alisema polepole. "Mzee akaniambia ziko karibu."

Walimgeukia Mbuthia. Alivua kofia yake, akaishika mikononi. "Ni kweli nilisema," alikiri. "Niliambiwa hivyo, nami nikasema hivyo."

Hakumgeukia mtu. Hakukuwa na haja. Waceke aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Neno dogo lilikuwa limetoka mdomoni mwake kule bustanini, likafuata barabara ya Waiyaki hadi mjini, likavuka mpaka Ngara, na sasa lilikuwa limekaa pale kwenye kioo, kwa herufi kubwa, likimtazama. Alitamani kujificha ndani ya robota la kitambaa.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Nimefanya miche sita tu. Na iko zaidi ya arobaini."

"Sita!" Sifuna alishika kichwa.

"Nilidhani..." Machozi yalikuwa yakimlenga. "Nilidhani tovuti ni kama nyumba. Nilidhani nyinyi mnajenga kwanza, halafu mimi naleta vyombo baadaye. Sikujua mnaningoja mimi."

Vaishali hakumgombeza. Alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Hapo chini kuna fundi wa nguo. Anaweza kukushonea rinda kama hajakupima?"

"Hapana."

"Hivyo ndivyo na mimi. Maneno yako ndiyo vipimo. Sasa Waceke, mzee anahama Jumamosi ijayo. Unaweza kumaliza lini? Nataka jibu la ukweli."

Neno lile lile lilimjia Waceke mdomoni, tayari limevaa viatu vya kutoka. Lingewafurahisha wote, na lingemtoa kwenye aibu ile mara moja. Alilimeza.

"Peke yangu siwezi," alisema. "Kuna miche sijui hata jina. Na picha zangu zingine zina majani ya nyuma mengi, mche hauonekani. Lakini Baba akiniambia majina, na Kiragu akinisaidia, naweza kumaliza Jumatano jioni."

"Sasa hilo ni jibu naweza kupangia kazi," Vaishali alisema, akatabasamu. Alishuka dukani, akarudi na kipande cha kitambaa cheupe. "Mtu ashike hii nyuma ya mche ukipiga picha. Na ukiandika, andika kile mtu angetaka kuuliza."

"Kuuliza?" Mbuthia alisema. "Hapo usiwe na wasiwasi. Maswali atawauzia mpaka nyinyi."

Basi kazi ikaanza kweli. Kila alasiri Kiragu alishika kitambaa, akilalamika kwamba mikono itamkatika. Mbuthia alisimama kando akitaja majina, na Waceke akaandika. Kumbe kazi hiyo ilikuwa tamu kuliko jicho la kinyonga! Aligundua kwamba mti wanaouita mubariti nyumbani na ule ambao wateja wa Karen huutafuta kwa jina la grevilea ni mti mmoja. Aligundua kwamba mche mmoja wa maua ya zambarau baba yake mwenyewe hakuujua jina; miaka yote amekuwa akiuuza kwa kuunyooshea kidole. Waceke alikwenda kumwuliza mwalimu wa sayansi, akarudi na jina. Chini ya kila picha aliandika majibu ya maswali yake ya siku zote. Unapenda jua au kivuli? Utakua mrefu kiasi gani? Mizizi yake itabomoa ukuta wa jirani?

Jumanne mvua ilinyesha tangu walipotoka shule mpaka giza likaingia. Kamera haikuweza kutoka nje. Waceke alikaa mlangoni akiwa na huzuni. Alikuwa ameahidi Jumatano, na sasa Jumatano haitawezekana. Kisha aliomba simu ya baba yake, akaandika ujumbe kwa Sifuna: *Leo mvua. Imebaki miche kumi na moja. Nitamaliza Alhamisi jioni. Waceke.*

Alingoja kugombezwa. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: *Asante kwa kusema mapema. Vaishali atatengeneza ramani kesho badala ya picha.*

Alhamisi jioni mche wa mwisho ulipigwa picha, na picha na maneno yote yakatumwa kwa Vaishali kutoka saiba ya Kangemi. Ijumaa Vaishali alijaza visanduku vyote, akazifungua kurasa zote kwa watu. Jumamosi pikapu ilisafirisha miche kwenda Uthiru, mara nyingi mpaka ikachoka, na mabango yakabaki barabarani yakiwaonyesha watu anwani ya tovuti.

Jumapili hakuna aliyekuja. Jumatatu hakuna aliyekuja. Jumanne Waceke alipofika kutoka shule alimkuta baba yake amekaa juu ya ndoo, akiitazama njia ya vumbi. Sifuna pia alikuwapo, amekuja kuchukua kamera yake, na Kiragu alikuwa akimwonyesha shimo la panya. Kila gari lililosikika mbali liliwafanya wageuze vichwa.

Simu ya Mbuthia ililia.

"Mzee Mbuthia!" Ilikuwa sauti ya Bi. Nurjahan. "Nimesoma tovuti yako yote. Nataka ule mti ambao mmeandika haubomoi ukuta wa jirani. Nataka kadhaa, na rafiki yangu pia anataka. Tuko karibu."

Mbuthia aliweka mkono juu ya simu. "Anasema yuko karibu," alinong'ona, na uso wake ulionyesha kwamba siku hizi neno hilo lilimtia shaka.

"Mwulize karibu na wapi!" Waceke alisema.

Kabla hajauliza, honi ililia langoni. Magari mawili yalikuwa yamesimama pale, yamefunikwa na vumbi la njia nzima. Mbuthia aliruka kutoka kwenye ndoo na kwenda kuyafungulia lango kwa mikono miwili. "Karibu!" alipaza sauti. "Karibuni sana!"

Magari yalipoondoka, matawi yakipunga kutoka madirishani, Mbuthia aliwaita Waceke, Kiragu na Sifuna pamoja.

"Nimefurahi leo kuliko ninavyoweza kusema," aliwaambia. "Lakini sikilizeni. Kazi hii ilipita katika mikono ya watu wengi, na wengine hatujawahi kuwaona. Hilo si baya. Hakuna mtu anayejua kila kitu. Lakini kila mmoja wetu alisimama juu ya neno la mwenzake. Neno hilo lilipokuwa tupu, sote tulikaa bure, na kila mmoja alidhani mwingine anafanya kazi. Hata mimi, sikwenda kutazama. Nilipenda kusikia karibu, kwa sababu lilinipumzisha. Karibu ni neno zuri langoni, mgeni anapofika. Kazini, watoto wangu, mwambie mwenzako umefika wapi hasa. Hata kama umefika pabaya. Akijua ukweli, atajua la kufanya."

Sifuna aliitikia kwa kichwa, akitazama viatu vyake. "Hata mimi nimesikia, mzee," alisema.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mibariti. Mbuthia alitazama miche iliyopangwa safu mpya kwenye udongo mweusi.

"Mami, umemaliza kumwagilia?"

Waceke alifungua kinywa, akakifunga, akageuka kutazama safu kwanza.

"Bado, Baba. Nimebakisha waridi na ile milimao ya mwisho. Na milimao nimeichelewesha kwa sababu kinyonga amehamia huku pia. Baba, alijuaje njia?"

Mbuthia alicheka mpaka akakaa tena juu ya ndoo yake ili asianguke.

"Labda naye aliona tovuti," alisema. "Haya, mwagilia."